Kupiga alaimenti ya mbele mwenyewe nyumbani, pikapu ya zamani

spana_kumi: Wakuu habari. Nina pikapu ya zamani, ekseli ya mbele ni ile ya mti mmoja, chuma kimoja toka tairi hadi tairi. Mwezi uliopita nilibadilisha tairodi endi (kichwa cha rodi inayounganisha tairi mbili za mbele) mwenyewe, tangu hapo tairi za mbele zote zinalika ukingo wa ndani, stelingi imekaa upande na gari inatangatanga barabarani utadhani dereva kalewa. Naweza kupima alaimenti, yaani tairi zimenyookaje, kwa tepu tu au ndo nitaharibu zaidi?

mzee_grisi: Unaweza, ila usiguse tepu kwanza. Piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Ikicheza kushoto na kulia angalia tairodi, ikicheza juu na chini mwambie mtu akanyage breki huku unatikisa, mchezo ukiisha hapo ni beringi ya hub (kitovu cha tairi), ukibaki ni kingpini au boljointi, vile viungo tairi inavyokatia kona. Kupima gari yenye mchezo ni kazi bure, leo utapata namba hii kesho ile.

tepu_na_chaki: Mzee kamaliza. Tairi zote mbili kulika ndani maana yake zimefunguka kwa mbele, yaani zinatazama nje. Jaza upepo sawa, weka gari kwenye sakafu tambarare, stelingi inyooke, sukuma gari mbele kidogo ikae vizuri. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi kwa NYUMA, usawa wa kitovu cha hub, pima alama hadi alama. Sasa sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike mbele, usawa uleule, pima tena. Usirudishe nyuma, ukirudisha tairi zinajivuta na kipimo kinadanganya. Mbele iwe fupi kuliko nyuma kwa milimita 1.5 hadi 3 hivi, kitabu cha gari kikisema vingine fuata kitabu.

rimu_kubwa: Mbona mnazunguka sana, mi napima rimu kwa rimu naondoka zangu

tepu_na_chaki: @rimu_kubwa rimu ya zamani ikipinda kidogo tu unapima upindaji wake, ndo maana nasema alama ileile ipimwe nyuma na mbele

mzee_grisi: Na tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, ukiirefusha tairi zinafungana mbele, ikiwa mbele ya ekseli ni kinyume chake. Stelingi iliyokaa upande usiinyooshe kwa tairodi, kuna ile rodi inayotoka kwenye stelingi boksi (gia ya usukani), rekebisha hapo. Kemba (mlalo wa tairi ukiitazama kwa mbele) na kasta (mlalo wa kingpini ukiitazama kwa ubavu) kwa ekseli hiyo achana nazo, tepu haifiki huko.

spana_kumi: Mrejesho. Mchezo hakuna, nimepima nikakuta mbele ni ndefu kwa milimita 11!! Kumbe niliingiza endi mpya bila kuhesabu mizunguko ya ile ya zamani. Bomba la tairodi lilikuwa na kutu balaa, nimeloweka oili usiku mzima, asubuhi likazunguka. Sasa imefunga milimita 2, klempu za kubana bomba nimekaza, nimeendesha inanyooka yenyewe nikiachia stelingi kidogo. Usukani bado umeinama kama saa saba hivi, hiyo rodi ya boksi naishughulikia jumamosi.

mzee_grisi: Ukishaendesha siku mbili tatu pima tena, na hizo klempu zikague.