Jamaa kaniita MWIZI mbele ya mama mkwe wangu, kwa gemu niliyonunua kwa hela yangu!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina sitaji, wa Mtwara wote mnamjua. Yule mjuaji wa karibu na stendi, anayejua kila kitu kuanzia bei ya korosho wiki ijayo mpaka siku ya kiama.

Jioni hii nipo barazani kwangu Mikindani na watoto wa mtaa, tunacheza PES 6, gemu ya mpira ya PS2 (PlayStation 2 ya Sony), kwenye laptopu kwa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta icheze gemu za mashine nyingine. Mama mkwe kafika mchana toka Newala, kakaa kwenye mkeka anabangua korosho. Jamaa anapita. Hata hodi hakupiga. Anainama, anatazama kioo, anasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba: "Hiyo emuleta ni haramu. Wewe ni mwizi."

MBELE YA MAMA MKWE. Mama akaacha kubangua. Korosho mkononi, ananitazama.

Diski ninayo! Siyo ya kuchoma, ni yenyewe. Hela nilimpa mjomba, akainunua Muscat, kasha lipo na kijitabu chake kipo. PS2 yangu ipo kabatini, lenzi ndiyo imekufa. Ukiweka diski inalia tik tik tik, halafu kioo kinageuka chekundu. Chumvi ya bahari hii mnaijua inavyokula vitu. Nikainakili diski yangu kwa DVD ya laptopu yangu, na BIOS (programu inayoiwasha PS2) nikaitoa kwenye mashine yangu kupitia memori kadi na flashi. Sikudanlodi hata nukta.

Nimemwibia nani? PS2 yenyewe waliacha kuiunda tangu 2013. Nikitaka kulipa tena nimpelekee nani hela?

Na anayesema ni nani? Mtu anayejaza muvi kwenye flashi za watu kwa mia tano mia tano! Wote walioigiza kwenye zile muvi wakidai chao, hata akiuza kibanda, bati na stendi nzima, deni haliishi. Huyo ndiye kaniita mwizi. Mama mkwe anasikia.

Kuchele_Kuchele: Hahaha namjua! Muvi zake dakika ya arobaini zinakata. Mimi ananidai mia tano ya muvi ambayo sijui iliishaje.

BabaMbaazi: Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya diski. Ikiwezekana na ya mama mkwe.

Mleta uzi: @BabaMbaazi mheshimu mzazi wangu.

Fundi_wa_Shangani: Mkuu, jamaa kakosea. Emuleta yenyewe siyo haramu. Sony waliwashtaki Connectix, waliotengeneza emuleta ya PlayStation ya kwanza kwa kompyuta za Mac. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa kule Marekani ikaamua kwamba kuichunguza BIOS ili utengeneze programu yako ni matumizi halali. Wezi ni wale wanaodanlodi gemu wasizonunua, halafu wanasema "ninayo nyumbani".

Mwanasheria_wa_Kijiweni: Taratibu fundi. Hiyo ni Marekani, na ilihusu walioitengeneza emuleta, haikuhusu mchezaji. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 nayo inalinda programu za kompyuta. Kununua diski hakukufanyi mwenye gemu. Na mwaka 2024 Nintendo waliwabana watengenezaji wa emuleta ya Yuzu, wakakubali kulipa dola milioni 2.4. Msimpe mtu kiburi akafungwe.

Fundi_wa_Shangani: Yuzu ilikuwa ya Switch, mashine ya Nintendo, ambayo gemu zake bado zipo dukani na zimefungwa kwa funguo za siri. Kesi ilisimama kwenye kuvunja hizo funguo. Huyu ana diski ya 2006 ambayo laptopu inaisoma yenyewe. Usichanganye mihogo na ming'oko.

Mleta uzi: Asante fundi. Lakini hata kama sheria ina mashimo, ningekuwa na kosa si angeniita pembeni? Mtu mzima anamwita mwenzake mwizi mbele ya mkwewe? Nilimtolea diski akaishika mkononi, akaigeuza kwenye mwanga, akasema "hata hii umeiba". HATA HII UMEIBA! Na mama anaangalia!

BabaMbaazi: Sasa mama mkwe alisemaje?

Mleta uzi: Aliuliza kama mahari nilitoa kwa hela halali.

Kuchele_Kuchele: Nimeanguka kwenye kiti 😂😂😂

Bibi_Mingoyo: Vijana mna raha. Mtu ana laptopu, ana umeme, analia kaitwa mwizi. Mje huku Lindi muone wezi. Mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, kaja shambani kwangu nikiwa na shida ya ada ya mtoto, kapima korosho kwa bakuli lililobonyezwa, bei ya kutupa, na asante hajasema. Huyo mumwite nani?

Kuchele_Kuchele: Bibi shikamoo. Kangomba huku nao ni hao hao. Mwaka juzi mzee wangu alichukua hela mapema, msimu ulipofika gunia zikaondoka zote.

Bibi_Mingoyo: Marahaba. Mwambie asirudie, apeleke chama cha msingi hata kama malipo yanachelewa.

BabaMbaazi: Yanachelewa? Yangu ya mbaazi mpaka leo sijayaona!

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbele ya mama mkwe wangu.

Fundi_wa_Shangani: Lete hiyo PS2 nikubadilishie lenzi, ucheze diski yako bila maneno ya mtu.

Ligula_Boy: Fundi wewe wewe? Yangu uliniwekea lenzi kuukuu ukaniambia mpya. Nikatoka hapo kwako, sijafika sokoni, ikarudi tik tik tik.

Fundi_wa_Shangani: Ulileta na mende ndani! Niliitoa familia nzima!

Bibi_Mingoyo: Mende wapi, jibu hoja ya lenzi. Na mimi redio yangu iko kwako tangu Ramadhani.