Amilosi sawa, wali tofauti, nakosea wapi?

punje_ndefu:
Wakuu habari, naombeni msaada. Nina mbegu mbili za mpunga za majaribio, A na B, zote kizazi cha F6 (cha sita tangu kuchanganya mbegu), maabara wamenipa amilosi (aina ya wanga inayofanya wali uchambuke) 27% kila moja, yaani kwenye karatasi ni mapacha. Nimepika zote sufuria zinazofanana, maji sawa, ukiwa wa moto huoni tofauti wali unachambuka vizuri tu, ila baada ya masaa matatu A bado unatafunika na B umekakamaa mpaka nikahisi nimechanganya pakiti. Maabara wamekosea au mimi?

jeli_60:
Maabara hawajakosea. Zaidi ya 25 ni amilosi ya juu, lakini humo ndani kuna wali unaolala vizuri na usiolala, namba peke yake haikwambii kiporo kitakuwaje. Pima jeli. Unga wa mchele miligramu 100 unachemsha na maji ya potasi (potassium hydroxide, ile alkali ya maabara) kwenye tyubu, unapoza kwa barafu, halafu unailaza juu ya karatasi ya grafu kama saa moja uone jeli imetambaa milimita ngapi. Ikipita 60 ni laini, isipofika 41 ni ngumu. Nabeti B haifiki.

mkoboaji:
Hiki kilio ni cha zamani sana. Mbegu ya IR8 ilivyotolewa na IRRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga) mwaka 1966 mavuno yalikuwa balaa, ila wali wake ukipoa mgumu, watu wakalalamika. IR64 ya 1985 ndo ikaja na amilosi ya kati na ikapendwa kwa kula.

Ila kabla hujaitupa B, zote ulivuna lini? Mchele uliokaa miezi unakunywa maji mengi na wali wake unakuwa mgumu zaidi hata kama mbegu ni ileile. Na uonjaji ulionja mwenyewe ukijua ipi ni ipi? Hiyo haihesabiki, weka namba kwenye sahani waonje wengine.

punje_ndefu:
Duh. A nimevuna mwezi jana, B ni ya msimu uliopita 🤦 na nilionja mwenyewe kweli.

jeli_60:
Hahaha basi beti yangu naifuta. Jeli upime hivyohivyo, ila kwa sampuli za msimu mmoja, zimekobolewa siku moja.

punje_ndefu:
Sawa mkuu, B mpya bado iko shambani, nasubiri ikomae.