Wanga wa kunyonya maji: mbona wangu unayeyuka?

Mpikajeli: Wakuu, nimepika wanga wa mahindi hadi uji mzito, nikaukausha, nikausaga. Nikiutia majini unavimba kidogo, kisha unakuwa utelezi mtupu. Nataka punje zivimbe zibaki punje. Kinakosekana nini?

Fundi_Polima: Vifungo. Minyororo ya wanga (molekuli zake ndefu) haijashikana, maji yanaiachanisha tu. Changanya asidi ya sitriki kidogo kwenye uji, kausha, kisha oka kwenye nyuzi 120 hivi. Asidi inashika mnyororo huku na huku. Usizidishe, wavu wa minyororo iliyoshikana ukikaza sana maji hayapenyi.

Bikombo: Sawa, ila asitegemee maajabu. Unyonyaji mkubwa unatokana na chaji hasi zinazosukumana ndani ya jeli. Ndiyo maana maabara ya Idara ya Kilimo ya Marekani kule Peoria, Illinois, ilipandikiza kemikali ya akrilonitraili kwenye wanga, ikauchemsha na sodiamu haidroksidi ili kupata chaji hizo. Wanga huo ulinyonya maji mamia ya mara ya uzito wake. Nyumbani usithubutu! Akrilonitraili ni sumu na inashika moto upesi.

Mpikajeli: Nashukuru, nabaki na sitriki. Nipime kwa maji ya bomba?

Fundi_Polima: Anza na yaliyokenekwa (distilled), maana ya bomba yana chumvichumvi. Jeli yenye chaji ikikutana na chumvi, unyonyaji hushuka vibaya.