Mada: Kwenda Bukoba kutoka Nairobi, na hivi viwanja vya ndege vya mikoani

Kutoka: mgeni wa South B

Wanajumuiya, habari za jioni. Nimehamia Nairobi kikazi na bado naizoea. Mama yuko Bukoba, anataka Desemba nifike bila kisingizio. Tiketi zote ninazoziona zinanizungusha hadi Dar kwanza, na bei zake mtu unasoma mara mbili. Kila bajeti tunasikia serikali yetu Tanzania inajenga kiwanja cha ndege mkoa huu na ule. Sasa mbona kwenda ng'ambo ya ziwa ni lazima nikaione bahari?

Kutoka: dada wa Kitengela

Karibu Nairobi, kaka. Pole na hizo bei.

La haraka kwanza. Wengi wetu wa Kagera tunapanda ndege ya Entebbe, kisha barabara ya Masaka hadi Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Kutoka boda hadi Bukoba mjini ni kama kilomita 80. Ndege za Nairobi na Entebbe ziko kadhaa kila siku, kwa hiyo moja ikiahirishwa hulali uwanjani. Shika pasipoti. Wakenya na Waganda wanavuka kwa vitambulisho vyao vya taifa, sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nayo usiisahau mezani. Basi la kupitia Kampala lipo pia, ila uwe na mgongo.

Sasa hilo la viwanja. Kujenga kiwanja na kukiendesha ni mafungu mawili tofauti, na sisi tunapenda la kwanza, maana ndilo lenye jiwe la msingi na utepe. Mshahara wa zimamoto na dizeli ya jenereta hakuna anayevikatia utepe. Uwanja wa Songwe, kule Mbeya, ulifunguliwa 2012, lakini ndege zilikaa miaka haziwezi kutua usiku kwa sababu njia ya kurukia haikuwa na taa. Jengo lilikuwepo, lami ilikuwepo, jua likizama biashara imekwisha. Shirika gani lingeleta ndege ya pili kwa siku hapo?

Bukoba kwetu ni hivyohivyo, na uchungu zaidi. Njia ni fupi, ziwa liko palepale, kwa hiyo zinatua ndege ndogo kama ATR, na gharama inagawanywa kwa abiria wachache. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikikaribia kutua. Wenzetu 19 walifariki kati ya watu 43 waliokuwemo. Waliowahi kufika na kuanza kuokoa watu ni wavuvi, na mitumbwi yao. Tangu hapo mtu akiniambia habari za jengo jipya la abiria, namuuliza boti ya uokoaji iko wapi. Na Omukajunguti, ule uwanja mpya tulioahidiwa Kagera, tumeusikia tangu hatujaolewa.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi nayo inataka uhamiaji na forodha pale uwanjani kila inapotua, hata ikileta abiria kumi. Hilo nalo ni fungu la kuendesha.

Wamarekani tangu 1978 wana mpango wa kuyalipa mashirika ya ndege ili yasiikimbie miji midogo. Wanalipia safari yenyewe. Ulaya wameweka kanuni tangu 2014 za lini serikali inaruhusiwa kufidia hasara za kiwanja kidogo, na kila muda ukikaribia kwisha wanauongeza. Sisi tunafidia kwa mlango wa nyuma: serikali imenunua ndege tangu 2016, ATCL, yaani Air Tanzania, ikazikodisha kutoka kwa wakala wa serikali, halafu CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anatusomea hasara. Ile hasara, kwa maoni yangu, sehemu yake ndiyo ruzuku ya Bukoba na Mpanda. Ningependa iandikwe waziwazi, njia kwa njia, tujue tunalipia nini.

Kutoka: mzee wa Eastleigh

Binti, umesema kweli, ila usidhani hawa wenyeji wetu Wakenya wamelitatua. Isiolo walijenga kiwanja cha kama shilingi bilioni 2.7 za Kenya, kikafunguliwa 2017, matumaini yakiwa miraa ya Meru ipandie pale. Nenda uwanja wa Wilson hapa Nairobi uone: pikapu za miraa bado zinashuka mbio kutoka mlimani, taa zinawaka mchana, mzigo umefungwa magunia. Mwenye miraa anafuata ndege iliko.

Na viwanja vyao vidogo vinabebwa na uwanja wa Jomo Kenyatta. Kijana, ile tiketi yako ya Entebbe ina dola 50 za huduma ya abiria ndani yake, ambayo ukitoka nchini humu huikwepi. Sehemu inakwenda huko Wajir na Lokichoggio. Mimi sinung'uniki sana. Kule mgonjwa akizidiwa, barabara haimfikishi.

Kutoka: mgeni wa South B

Shikamoo mzee. Dada, asante sana. Kumbe nauli yenyewe nusu ni ushuru! Nimeshaamua Entebbe. Swali moja: nikifika Mutukula jioni, usafiri wa kwenda mjini nitaupata?

Kutoka: dada wa Kitengela

Hiace zipo, lakini giza likiingia zinasubiri zijae na madereva wanapandisha bei. Chukua ndege ya asubuhi. Fedha badilisha kidogo tu pale boda, hesabu mwenyewe kabla hujamwachia mtu noti. Na mama msalimie.