Kupitisha data yenye aina maalumu baina ya skrini: Intent, Parcelable au namba pekee?

Mshela: Assalamu alaykum. Ninaandika kwa Kotlin programu ya Android ya kukata tiketi za boti baina ya Mokowe na Lamu. Abiria akichagua safari katika skrini ya kwanza, skrini ya pili yapasa ipokee namba ya safari, saa ya kuondoka na nauli. Kwa sasa ninatia kila thamani katika Intent (ujumbe wa Android wa kufungua skrini nyingine) kwa jina lake, na udhaifu ni kwamba nauli ikitiwa kama Int (namba kamili) kisha ikasomwa kama String (maandishi), kompaila, inayokagua msimbo wakati wa kuujenga, haisemi neno na skrini ya pili hupata null, yaani patupu. Je, nihamie Parcelable (utaratibu wa kufungasha kitu kizima pamoja na aina zake) nipitishe safari nzima?

Langoni: Wa alaykumu salaam. Parcelable itakuondolea tatizo hilo, na ukitumia alama ya @Parcelize hulazimiki kuandika msimbo wa kufungasha na kufungua. Angalia ukubwa tu: data hupita kwenye Binder, njia ya Android ya kupeleka data baina ya michakato, yenye nafasi ya takriban MB 1 kwa mchakato mzima, hivyo ukibeba na picha za boti programu itakatika.

Mkomani: Kwa rai yangu ukubwa si hoja kuu, hoja ni kwamba kinachopitishwa ni nakala. Viti vikijaa abiria akiwa bado skrini ya pili, nakala ile itaendelea kumwambia kuwa nafasi ipo. Pitisha namba ya safari pekee, mengine yasomwe kutoka Room (maktaba ya hifadhidata iliyo ndani ya simu), ambayo kwa Flow (mkondo wa data) huiarifu skrini kila jedwali linapobadilika. Tangu Navigation 2.8.0 ya mwaka 2024, maktaba ya kuhama baina ya skrini, njia ya kwenda skrini huweza kuandikwa kama data class (aina ya Kotlin ya kubeba data) yenye alama ya @Serializable, kwa hiyo ukipeleka String mahali pa Long (namba kamili kubwa) msimbo haukubali kujengwa. Kwa anayetumia Compose (maktaba ya kuunda skrini kwa Kotlin), sioni sababu ya kurudi kwenye majina matupu.

Mmalindi: Naafikiana nawe, ila hiyo yafaa kwa data iliyokwisha kuhifadhiwa. Jina na namba ya simu ambavyo abiria bado anaviandika havijafika Room, na hapo ViewModel (kitu kinachoshika data ya skrini) inayotumiwa na skrini zote mbili ndiyo nyepesi. Hustahimili simu kugeuzwa, lakini mfumo ukiizima programu iliyo nyuma ili kupata kumbukumbu, vyote hupotea. Basi viwekwe katika SavedStateHandle, hifadhi ndogo ambayo mfumo huirejesha programu ikifunguliwa tena.

Mshela: Nimekubali namba pekee. Lakini nauli ikibadilika baada ya abiria kuiona?

Mkomani: Nauli iongeze katika ile data class kama Int, kwa kuwa ni kumbukumbu ya alichokiona abiria. Skrini ya pili iilinganishe na iliyomo Room, na zikitofautiana imwulize kabla ya kulipa.