Jino la farasi kwenye kijito cha Kaiso? Farasi alifuata nini huku?

Koleo la Hoima:
Habari za humu wakubwa. Kazi yangu ni kupakia mchanga kwenye tipa, kwenye kijito kinachoshuka kuelekea Ziwa Albert upande wa Kaiso. Juzi mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi maji yalipopungua nikaona kitu cheusi kwenye kokoto, nikadhani ni betri ya redio. Kukiokota, jino! Refu kama kidole changu cha kati, limenyooka, lina pembe nne kama kitofali, na uzito wake ni wa jiwe.

Mzee tunayepiga naye koleo kacheka: gego la ng'ombe hilo, tupa. Kijana wa boda anasema ni la dinosaria na anatoa shilingi 30,000 papo hapo. Binti yangu kaperuzi kwenye simu, kasema, "Baba, hili la farasi." Mimi farasi nimemwona kwenye picha tu. Punda nimewaona Karamoja nilipokuwa kibarua wa barabara. Jino liko ndani ya soksi. Nisaidieni kabla sijaila hiyo 30,000.

Kibarua wa Napak:
Kijana wa boda abaki na hela yake. Dinosaria waliisha miaka milioni 66 iliyopita, na udongo wa Kaiso bado mchanga (sisemi mchanga wa tipa yako), una miaka milioni chache tu.

Weusi usikubabaishe. Hata gego la ng'ombe likilala kwenye tope lenye madini huwa jeusi. Tazama uso wa kutafunia. La ng'ombe lina michoro kama miezi miandamo. La farasi lina enameli (lile ganda gumu la jino) iliyokunjwakunjwa kama utepe. La taya la juu ni mraba, la chini ni jembamba. Kama ni la juu, angalia upande uliokuwa unaelekea ulimi. Ukiona kisiwa kidogo cha enameli kimejitenga peke yake, hiyo ni hiparioni, farasi wa kale wa vidole vitatu. Kama kimeungana na mikunjo mingine, ni ukoo wa punda milia, hawa wa Ziwa Mburo na Kidepo.

Mimi nilibeba chekeche la wataalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe) kule Napak, Karamoja, misimu kadhaa na jino la farasi sikuliona. Tabaka za kule zina karibu miaka milioni 20. Asili ya farasi ni Amerika, wakapitia Asia, na Afrika walifika miaka kama milioni 10 iliyopita. Kaiso ni habari nyingine: E. J. Wayland wa idara ya jiolojia aliokota visukuku huko tangu miaka ya 1920, na meno ya hiparioni yamo.

Nyaalur wa Florida:
Kaka, huku nilipo watu wanaingia Mto Peace maji yakipungua, na koleo na chekeche kama wewe, ila wao wanamwaga mchanga na kubaki na kokoto! Meno ya farasi hupatikana, na ya papa tele. Ya papa unachukua tu, ila ya farasi lazima uwe na kibali. Swali moja: kingo za jino lako ni kali au zimelainika kama sabuni iliyotumika? Zikilainika, limesafiri mbali na hakuna wa kukuambia kwao ni wapi.

Mzee wa Ngege:
Mamba wa ziwa hilo hawasomi visukuku. Angalieni miguu.

Kibarua wa Napak:
Dada kauliza la maana kuliko yangu yote. Kingo zikiwa kali, panda juu ya kijito taratibu, utafute kwenye ukingo tabaka gumu lenye rangi ya kutu. Usichokoe. Weka kalamu kando ya jino upige picha, uandike ulipoliokota, kisha upeleke Makumbusho ya Uganda, Kira Road, Kampala. Na usimpe mtu alitoroshe nje ya nchi, sheria inakataza.

Koleo la Hoima:
Nimerudi. Nimelisugua kwa mswaki wa mtoto. Kisiwa kipo! Kimejitenga kabisa, kama Kalangala. Kingo zinakata kidole.

Nikapanda juu. Tabaka la kutu nimeliona, lina vikonokono vilivyogeuka jiwe. Lakini limekatika wima, na lililokatwa halipo. Ni sisi wenyewe tuliokata wiki jana, tipa saba, zimekwenda Hoima kwenye nyumba ya mtu. Nimempigia dereva kumuuliza walimwaga wapi. Kasema plasta imeshakauka, je, nataka arudishe ukuta?

Jino limetoka kwenye soksi, sasa liko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Ijumaa nikilipwa napanda basi la Kampala.