MREJESHO: Wino wa mfupa uliokuwa unaziba sindano ya printa

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini wino wangu wa kuchapa vipande vya mfupa kwa printa ya 3D, yaani mchanganyiko wa alijineti (ute wa mwani) na unga wa haidroksiapataiti, madini yaleyale ya mfupa, unaziba sindano, na ukipita unatandazika kama uji.

Aliyesema nichekeche unga, ubarikiwe. Ulikuwa na mabonge. Nimeusaga upya, nikauchekecha, nikaukoroga kwenye maji kabla ya kutia alijineti. Haijaziba tena.

Kutandazika ndiko kulikonitesa. Nimeongeza jelatini: ikipoa inashika, uzi wa wino unasimama mpaka niuloweke kwenye kloridi ya kalsiamu, ambayo ndiyo hufunga alijineti. Kalsiamu hiyo msiitie ndani ya wino mapema; nilijaribu, nikavuna ugali. Matundu ya kipande nimeyaacha mikromita 400 hivi, mishipa ya damu ipate pa kupita.

Ila kipande bado laini, mfupa wa paja sahau kabisa. Sasa nahamia polikaprolaktoni, plastiki iliyo ngumu zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo seli hai za kuotesha mfupa hazilistahimili, kwa hiyo nitachapa fremu kwanza, seli zipandwe ikishapoa. Printa yenyewe nimeazima, mwenyewe anaitaka Ijumaa.